Mkulima na Soko: Pesa Hufuata Namba

Mwezi huu tuzungumze juu ya bei. Tuzungumze pia juu ya simu, maana siku hizi mambo haya mawili hayaachani.

Mkulima wa ufuta wa Likawage anauza mazao yake kwa mtu asiyemwona. Mnunuzi anaweza kuwa Dar es Salaam. Hajafika Likawage, na pengine hajui hata njia ya kufika. Bei anaitoa kwa kompyuta. Pesa anailipa kwa benki. Habari ya malipo inamfikia mkulima kwa simu. Shughuli yote hiyo hupita katika mtandao, yaani njia ya mawasiliano inayounganisha kompyuta na simu za dunia nzima. Watu wengi huita njia hiyo intaneti.

Je, mkulima anapata faida kwa njia hii? Anaweza kupata. Je, anaweza kuibiwa? Naam, anaweza kuibiwa pia. Basi tusome pamoja, tuelewe.

MWENYE HABARI NDIYE MWENYE FAIDA

Wilaya yetu ya Kilwa ilijua biashara ya mbali zamani sana. Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa akauona mji. Kilwa Kisiwani palikuwa na wafalme waliotengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Dhahabu ililetwa kutoka Sofala, ambayo leo iko katika nchi ya Msumbiji. Vitambaa na vyombo vilikuja na majahazi kutoka Arabuni, Bara Hindi na hata China.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa, wala vitambaa vyote havikufumwa Kilwa. Basi utajiri wa Kilwa ulitoka wapi? Ulitoka katika kukaa kati. Watu wa Kilwa walijua bei ya huku na bei ya kule. Mchimba dhahabu hakujua bei ya Arabuni. Mnunuzi wa Arabuni hakujua bei ya Sofala. Aliyejua bei zote mbili ndiye aliyejenga nyumba za mawe.

Jambo hilo halijabadilika. Katika biashara yoyote, mwenye habari ya bei ndiye mwenye faida. Kwa miaka mingi mkulima alikuwa wa mwisho kupata habari. Mchuuzi alifika shambani na gari lake na mzani wake. Alitaja bei, na mkulima alikubali. Angefanya nini? Hakuwa na mtu wa kumwuliza.

MZANI WA KANGOMBA

Wananchi wa Lindi na Mtwara wanalijua neno kangomba. Ni ununuzi wa mazao kwa njia ya kificho, nje ya utaratibu. Mnunuzi wa kangomba huja nyumbani, mara nyingi wakati wa shida. Huja na pesa mkononi. Hutumia kipimo chake mwenyewe, na kipimo hicho hakimpunji mwenye kipimo.

Tufanye hesabu. Bei tutakazozitaja hapa ni za mfano tu, ili hesabu iwe rahisi. Chukua karatasi na kalamu.

Mkulima ana ufuta kilo 300. Mnunuzi wa kangomba anampa shilingi 2,000 kwa kilo. Lakini mzani wake unaiba. Kilo 300 zinasomeka kilo 270. Basi mkulima anapata 270 mara 2,000, yaani shilingi 540,000.

Mkulima wa pili naye ana kilo 300. Anapeleka kwenye chama cha ushirika. Mzani unasoma kilo 300. Mnadani bei inafika shilingi 2,500 kwa kilo. Jumla ni shilingi 750,000. Makato ya chama, ghala na mengineyo ni shilingi 150 kwa kila kilo, yaani shilingi 45,000. Anabaki na shilingi 705,000.

Tofauti yao ni shilingi 165,000. Wote wamelima, wamepalilia na kuvuna sawa. Mmoja amepoteza shilingi 165,000 kwa siku moja.

Lakini tusimlaumu tu yule wa kwanza. Huenda mtoto alikuwa mgonjwa. Huenda chakula kiliisha. Mnada una siku zake, na malipo huja baadaye. Njaa haingoji mnada. Kwa hiyo dawa ya kangomba si kumfukuza mnunuzi peke yake. Dawa nyingine ni akiba. Mwenye chakula cha kutosha ndani, au mwenye hisa katika kikundi cha kuweka na kukopa, anaweza kungoja bei nzuri. Asiye na akiba huuza ufuta ungali shambani.

WAVUVI WA INDIA

Huko India kuna jimbo la pwani linaloitwa Kerala. Huko wako wavuvi wengi, kama ndugu zetu wa Kilwa Kivinje na Somanga. Huvua samaki wadogo wa jamii ya dagaa na simu.

Zamani mvuvi wa Kerala alirudi na samaki wake kwenye pwani ya kijiji chake. Akikuta wanunuzi wachache, bei ilianguka. Samaki waliokosa mnunuzi walitupwa. Kati ya samaki 100, samaki 5 hadi 8 walitupwa hivyo. Na wakati huohuo, katika pwani nyingine isiyozidi kilomita 15, wanunuzi walikuwa wakitafuta samaki na kuwakosa.

Kuanzia mwaka 1997, minara ya simu za mkononi ilijengwa pwani ya Kerala. Wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado baharini. Waliuliza, "Leo bei iko wapi?" Kisha waligeuza mashua kuelekea huko.

Mtaalamu wa uchumi aitwaye Robert Jensen alichunguza habari hiyo, akaitangaza mwaka 2007. Aliona kwamba samaki hawakutupwa tena. Faida ya wavuvi iliongezeka kwa asilimia 8. Tena bei kwa walaji ilipungua kwa asilimia 4. Mvuvi alipata zaidi, na mlaji alilipa pungufu. Kilichokuwa kikipotea katikati kiliokolewa. Simu ya mkononi iliwaokoa simu wa baharini!

Angalia jambo moja. Wavuvi wale hawakuwa na simu janja. Simu zao zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Kilichowafaa ni swali waliloliuliza. Mtu mwenye kitochi anayeuliza bei ana faida kuliko mwenye simu janja anayetazama picha tu.

MNADA UNAVYOKWENDA

Sasa turudi kwenye ufuta wetu. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005. Mwaka 2007 utaratibu huo ulianza kutumika katika zao la korosho kule Mtwara. Baadaye ulifika kwenye ufuta. Maana yake ni hii: mazao hukaa ghalani, na mkulima hukaa na karatasi. Karatasi hiyo inaonyesha uzito na mwenye mali. Huuzi gunia moja moja. Mnauza pamoja, na mzigo mkubwa huwavuta wanunuzi wakubwa.

Zamani wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, wakazitia kwenye sanduku. Siku ya mnada sanduku lilifunguliwa mbele ya watu. Mwaka 2024 mikoa ya kusini ilianza kuuza ufuta kwa mnada wa mtandao. Mnada huo huendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa herufi TMX. Soko hilo liliundwa mwaka 2014 na kuzinduliwa mwaka 2015. Kwa upande wetu, chama kikuu cha ushirika ni Lindi Mwambao.

Mambo huenda hivi:

Kwanza, mkulima husafisha na kukausha ufuta wake. Ufuta wenye mchanga huharibu bei ya wote.

Pili, hupeleka kwenye chama cha msingi. Ufuta hupimwa mbele yake. Hupewa stakabadhi.

Tatu, mzigo wa wote hupelekwa ghala kuu. Ubora wake huangaliwa.

Nne, habari ya mzigo hutangazwa kwenye mtandao. Wanunuzi hutoa bei zao kwa kompyuta, kila mmoja mahali alipo.

Tano, bei zikishafungwa, wakulima husomewa. Wakikubali, mzigo umeuzwa. Wakikataa, wana haki ya kungoja mnada mwingine.

Sita, mnunuzi hulipa. Makato hutolewa. Pesa huingia kwenye akaunti ya mkulima.

Usisahau hatua ya tano. Kompyuta haikubali bei kwa niaba yako. Anayekubali ni wewe, katika mkutano. Usipokwenda mkutanoni, wenzako wataamua. Na wakiwa wachache, watu watatu wataamua habari ya jasho la watu mia tatu.

Na tusidanganyane. Mtandao hauleti bei nzuri kila mwaka. Ufuta wetu mwingi huuzwa nje ya nchi. Nchi nyingine zikivuna sana, bei hushuka hata kwetu. Kazi ya mnada wa wazi ni kukuonyesha bei ya kweli ya siku ile, iwe kubwa au ndogo.

NAMBA NI YA NANI?

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole. Soma mara mbili.

Zamani pesa ilimfuata mtu. Karani aliita jina, mwenye jina alisimama, akahesabiwa noti zake. Siku hizi pesa hufuata namba. Namba ya akaunti au namba ya simu ikikosewa tarakimu moja, pesa huenda kwa mtu mwingine, au hukwama. Namba haijui nani alilima.

Basi jiulize: namba iliyoandikwa kwenye daftari la chama ni ya nani?

Katika nyumba nyingi laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mume. Shamba amelima mke. Ufuta amepepeta mke. Lakini pesa huingia kwa namba ya mume. Mume akiwa mwema, mambo ni shwari. Je, akifariki? Je, akihama? Mjane atakwenda kudai pesa ya namba isiyo yake, na hapo ataanza safari ya ofisi hii na ofisi ile.

Wako pia wazee wanaotumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mtoto au mjukuu. Mjukuu akienda Dar es Salaam na kitambulisho chake, mzee amebaki na simu tu mkononi. Laini ikifungwa, hana wa kuifungua.

Hapa nchini kila laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Tangu tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Kwa hiyo fanya mambo manne:

1. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ikaondolewe.

2. Kila mwanamke mwenye shamba awe na laini yake na akaunti yake, kwa jina lake. Hilo si jambo la kugombana na mume. Ni jambo la kulinda nyumba.

3. Siku ya kupima ufuta, isome namba yako kwenye daftari la karani. Isome kwa sauti, tarakimu moja moja. Kama macho hayaoni vizuri, nenda na mtu unayemwamini.

4. Stakabadhi usiiache kwa karani. Iweke mahali pakavu, mbali na mchwa na watoto.

Elimu ya kusoma na kuhesabu unayojifunza sasa ina kazi kubwa hapo. Asiyejua kusoma tarakimu kumi za simu yake amemkabidhi mtu mwingine mfuko wake.

WEZI WA MTANDAO

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Baadaye makampuni mengine ya simu yalileta huduma kama hiyo. Leo mtoto aliyeko mjini hutuma pesa kwa mama yake kijijini bila kumpa dereva wa basi bahasha. Hilo ni jambo jema.

Lakini palipo na sukari, sisimizi hawakosi. Wezi nao wameingia kwenye simu. Huja kwa ujumbe mfupi: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Hakutaja jina lako, wala hakutaja lake. Ametuma kwa watu wengi. Anangoja mmoja ambaye kweli anadaiwa, naye atume haraka bila kuuliza.

Mwingine hupiga na kusema amekosea, pesa yake imeingia kwako, umrudishie. Usirudishe kwa maneno. Tazama salio lako kwanza. Kama hukuona pesa, hakuna pesa.

Mwingine hujifanya mtu wa kampuni ya simu au wa benki. Anataka namba yako ya siri. Namba ya siri haipewi mtu yeyote. Hapewi mkubwa wa kampuni, hapewi wakala, hapewi rafiki.

Mwingine huuza vitu kwa picha. Pampu ya dawa, pikipiki, mbegu. Bei ni ndogo ajabu. Anasema, "Tuma nusu kwanza, na nauli ya gari." Ukishatuma, simu yake haipatikani. Huyo amekuuzia mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe hulioni. Kama huwezi kulipa baada ya kuona mzigo, acha. Au nunua kwa mtu anayejulikana, mwenye duka na watu waliokwisha kununua kwake.

Ukipata ujumbe wa kitapeli, tuma namba ya tapeli huyo kwenda 15040. Namba hiyo imewekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli. Iko pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuiba kwa simu ni wizi, kama kuvunja mlango wa nyumba.

NJIA IKIKATIKA

Mwezi Mei 2024 ulitufundisha jambo. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua ikabomoa barabara kuu huko Somanga. Magari ya kutoka na kwenda Dar es Salaam yakakwama. Watu walijua habari za ndugu zao kwa simu.

Kisha tarehe 12 ya mwezi uleule, nyaya kubwa mbili za mawasiliano zilikatika chini ya bahari, kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Moja huitwa EASSy, nyingine Seacom. Intaneti ikawa dhaifu katika Tanzania na nchi za jirani. Watu wengi walishangaa. Walidhani intaneti iko angani tu. Kumbe mnara ulio karibu nawe hupeleka sauti na habari kwenye nyaya, na nyaya hizo huvuka bahari. Mtandao ni barabara, na barabara hukatika.

Kwa hiyo usitupe daftari kwa sababu umepata simu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kwa mkono wako: tarehe, kilo, bei, makato, kiasi ulichopokea. Simu ikizimika, daftari halizimiki. Simu ikiibiwa, daftari linabaki nyumbani.

MNARA NA KIJIJI

Makampuni ya simu hupenda kujenga minara penye watu wengi. Vijiji vya bara, vyenye misitu mikubwa na watu waliotawanyika, huachwa nyuma. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huo husaidia gharama za kujenga minara mahali ambapo biashara ni ndogo. Mwezi Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu ilitiwa saini Dodoma.

Kama katika kitongoji chenu mtu bado hupanda kichuguu ili apate mawasiliano, msikae kimya. Jambo hilo ni la mkutano wa kijiji. Liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Diwani alipeleke wilayani, Kilwa Masoko. Malalamiko ya barazani hayasomwi na mtu. Yaliyoandikwa husomwa.

Na wakati mnara haujafika, kijiji kinaweza kufanya jambo dogo. Chagueni mtu mmoja mwaminifu. Siku ya mnada aende mahali penye mawasiliano, apate bei. Kisha bei iandikwe kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya chama: bei ya leo, ya mnada uliopita, na ya mnada wa kabla ya huo. Kila apitaye asome. Mnunuzi wa kangomba naye atapita, atasoma, na atajua kwamba mmeshajua.

Ndugu msomaji, jembe halilimi peke yake. Simu nayo haiuzi peke yake. Msimu ujao, kabla hujabeba gunia la kwanza, hakikisha namba ni yako, jina ni lako, na daftari liko tayari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watu wa Kilwa ya kale walipata faida katika biashara ya dhahabu wasiyoichimba?

2. Mkulima ana kilo 200. Mnadani bei ni shilingi 2,400 kwa kilo. Makato ni shilingi 150 kwa kilo. Atapokea kiasi gani?

3. Katika kijiji chenu, wanawake wangapi wanaolima ufuta wana laini na akaunti kwa majina yao wenyewe?

4. Nani ataandika bei kwenye ubao wenu?

Jibu la swali la pili ni shilingi 450,000. Usitazame jibu kabla ya kufanya hesabu. Kama umekwisha kulitazama, funika gazeti, fanya tena.

Tukutane mwezi ujao.